Njaa haijuaka ville morte



Kila mara mji wetu wa Goma unapotangaziwa ville morte, sisi waandishi wa mtaani tunatuma habari ile ile. Tunaandika kwamba shughuli zimelemaa, maduka ya Birere yamefungwa, wamotari ni wachache, wanafunzi wamerudi nyumbani, mawe yamepangwa barabarani. Halafu tunamalizia kwa kusema wito umefuatwa, au haukufuatwa. Tunahesabu milango iliyofungwa kama vile mtu anahesabu kura.

Mimi pia nimetuma habari hiyo, na si mara moja. Leo nataka kuandika ile ambayo sikuituma. Inanihusu mimi mwenyewe, na inamhusu mama mmoja muuza nyanya. Ameniruhusu kuieleza, ila jina lake ameomba nisiliandike.

Turudi nyuma kidogo, mwezi wa nne 2021. Wengi mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kule Beni watu walikuwa wanauawa tangu mwezi wa kumi 2014, na kila mwaka tulikuwa tunahesabu makaburi mapya. Vijana wa makundi ya shinikizo na shirika la raia waliitisha ville morte Beni, Butembo na hapa Goma. Walikuwa wanauliza jeshi linafanya nini, na askari wa Umoja wa Mataifa wanafanya nini miaka yote hiyo. Wanafunzi wa Beni walikwenda kukaa kwenye ofisi ya mji, siku kwa siku, wakidai amani. Mimi nilikuwa bado sijaanza kazi hii ya kuandika. Nilikuwa kijana wa Ndosho, nimemaliza masomo, sina kazi, na nilikuwa na hasira ya kweli. Kwa hiyo asubuhi saa kumi na moja nilikuwa barabarani pamoja na wenzangu, pale barabara ya Sake inapoingia mjini. Mawe ya volkeno hayakosi kwetu. Tulipanga mawe, tukawasha matairi mawili, tukangoja.

Saa kumi na mbili na nusu alifika mama mmoja, amepanda moto. Mbele ya mmotari kulikuwa kitunga kimoja cha nyanya, nyuma ya mama vitatu vimefungwa kwa mipira. Zilikuwa zimetoka Minova jana yake, zikafika usiku, na sasa alikuwa anazipeleka soko la Virunga mapema, mbele ya mji kuchangamka.

Tulimsimamisha. Mimi ndiye niliyesema naye.

"Mama, unaenda wapi? Haukusikia? Leo ni ville morte."

"Nimesikia, mwanangu. Uniache nipite tu, nyanya hazingojaki."

"Mama, Beni watu wanakufa, wewe uko unafikiria nyanya?"

Alinitazama. Hakupiga kelele. Akasema, "Njaa haijuaka ville morte, mwanangu." Kisha akamwambia mmotari ageuze.

Hatukumpiga, hatukumwaga kitu chake. Mahali pengine siku hiyo vitu vilimwagwa, lakini kwetu hapana. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi nzuri kwa upole. Niliporudi nyumbani jioni, niliwaambia wadogo zangu kwamba Ndosho yote ilikuwa imelala, hata moto haikupita.

Mwaka mmoja ulipita, na mambo mengi pamoja nao. Mwezi wa tano 2021 Leta ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi kwa Kivu Kaskazini na Ituri. Tarehe 22 ya mwezi huo huo Nyiragongo ikalipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa iondoke. Watu walibeba magodoro kichwani kuelekea Sake, kuelekea Minova, kuelekea ng'ambo ya mpaka. Niliporudi, nilianza kazi ya kuandika habari za mtaa. Mwaka 2022 nilitumwa kuuliza akina mama wa soko la Virunga kuhusu bei ya vyakula. Nilikuwa nimeshika daftari na simu ya kurekodi. Nikafika kwenye meza ndogo ya mama mmoja aliyekuwa na mafungu sita ya vitunguu, basi. Nikamsalimia, "Shikamoo mama, mimi ni mwandishi." Akanitazama jinsi ile ile.

"Wewe ni yule kijana wa mawe."

Sikuwa na jibu. Akasukuma kigoda kidogo kwa mguu. "Ikaa. Unataka bei? Nitakupa bei."

Hesabu aliyonipa siku hiyo ninayo bado kwenye daftari. Naiandika hapa kwa sababu ndani yake kuna uchumi wa mji wetu kuliko katika hotuba nyingi nilizowahi kurekodi.

Mwezi ule wa nne 2021, mtaji wake wote ulikuwa franga 70,000. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu franga 2,000, kwa hiyo zilikuwa dola 35 hivi. Vitunga vinne vya nyanya alivinunua kwa franga 15,000 kila kimoja, jumla 60,000. Usafiri kutoka Minova na moto vilikula 6,000. Mkononi alibaki na franga 4,000. Kama angefika sokoni siku ile, angeuza mpaka jioni na kupata faida ya franga 10,000 hivi. Katika hiyo, 5,000 ni chakula cha nyumbani, watu saba. Elfu moja ni ya kirimba, kwani walikuwa akina mama kumi, kila mmoja anatoa 1,000 kila siku na mmoja wao anachukua 10,000. Kuna tiketi ya soko. Kinachobaki kinawekwa kwa nyumba na minervali ya watoto.

Tulipomrudisha, alikaa na nyanya zake siku mbili. Nyanya ya Minova iliyoshinda juani kwenye gari na kulala usiku wa kwanza ndani ya kitunga, siku ya tatu inaanza kutoa maji. Aliziuza mtaani, mlango kwa mlango, nyingine alizigawa kwa bei ya kuomba. Alipata franga 22,000. Alizitolea 66,000. Kwa hiyo 44,000 zilipotea, na mkononi alibaki na 26,000.

Nikamwambia, kama kijana aliyesoma, "Lakini mama, mtaji ulibaki. Ungeanza tena pole pole."

Alicheka. "Andika vizuri. Na 26,000 ninanunua kitunga kimoja. Kitunga kimoja kinanipa faida 2,500. Watoto wanakula 5,000. Hiyo 2,500 ingine inatoka wapi?"

Inatoka kwenye mtaji. Hapo ndipo nilielewa maneno ambayo mama zetu wanasema kila siku na sisi tunayapita: mtaji umeliwa. Mtu anafanya kazi ile ile, anaamka saa ile ile, anakaa kwenye jua lile lile, lakini kila jioni anakula kipande kidogo cha kazi yake ya kesho. Mwisho wa mwezi ule hakuwa na kitu. Zamu yake ya kirimba ilikuwa imebaki siku chache, lakini aliposhindwa kutoa siku nne mfululizo wenzake walimtoa, maana wao pia walikuwa kwenye shida ile ile. Akakopa dola 20 kwa mkopeshaji wa mtaani, arudishe 26 mwisho wa mwezi. Volkeno ilipolipuka alikuwa bado na deni hilo. Watu wengine walikimbia na mtaji wao umefungwa kwenye kitambaa kiunoni. Yeye alikimbia na deni.

Nilitoka sokoni siku hiyo bila kuandika habari ya bei. Tangu hapo, kila ville morte inapotangazwa, swali linanirudia. Tunapofunga mji, tunamfungia nani?

Wacha nieleze ninavyoliona, nanyi mtanisahihisha. Mwalimu wa shule ya Leta akigoma, anamnyima mwajiri wake kazi. Anasema, hautanilipa, sitafundisha. Muuguzi akigoma ni hivyo hivyo. Watu wengine wanaumia, ndiyo, watoto wanakaa nyumbani na wagonjwa wanarudishwa, lakini kuna mwajiri anayeguswa, na kuna meza ambayo watu watakaa kuongea. Sasa mama wa nyanya anamgomea nani? Hana bosi. Hana mshahara wa kukatwa wala wa kuongezwa. Akifunga kazi yake siku moja, amejigomea mwenyewe na watoto wake.

Na yule tunayetaka aguswe, siku hiyo inamgusa kiasi gani? Ofisi inafungwa, lakini mshahara wa ofisi ukija, unakuja wote, hauulizi siku ya ville morte ilikuwa ngapi. Mwenye depo ya unga kule Birere anafunga mlango, na unga wake hauozi. Kesho yake anafungua, anakuta watu wamepanga foleni, kwa sababu siku mbili magari hayakuingia na kila nyumba imemaliza ya ndani. Bei ya kilo inapanda kidogo. Simlaumu, biashara ndivyo ilivyo, na yeye pia siku hiyo kuna hasara aliyoipata. Lakini hasara yake ni ya siku moja. Mama wa nyanya hasara yake iliendelea mwaka mzima.

Katikati yao kuna mmotari. Wengi wa vijana wetu wanaendesha moto ya mtu mwingine, na kila jioni lazima wapeleke versement kwa mwenye moto. Siku ya ville morte moto inalala nyumbani. Kuna wenye moto wanaoelewa na kusamehe siku hiyo. Kuna wengine wanaosema, "Utalipa kesho mbili." Basi kesho yake huyo kijana anaendesha mpaka usiku, anapakia watu watatu, anakimbia ili atafute siku aliyopoteza. Mwenye chukudu anayetoka Kibumba na viazi na makala naye ni hivyo. Alitembea usiku kucha kushuka na mzigo, akifika anakuta mawe. Hawezi kurudi kupanda na mzigo ule. Analala kando ya barabara, akiulinda.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu watakaosoma hapa na kufurahi, waseme, "Mnaona, hata waandishi wamechoka na ville morte, vijana wakae kimya." Hapana. Haki ya kuandamana iko kwenye kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 2006, na haki ya kugoma iko kwenye kifungu cha 39. Vijana hawakuchagua mawe kwa kupenda vumbi. Waliandika barua, barua hazikujibiwa. Walitembea kwa miguu na mabango, wakakutana na gesi ya machozi na jela. Mtu aliyefungiwa mlango wa ofisi na mlango wa barabara anabaki na mlango mmoja tu, ule wa nyumba yake mwenyewe, na anaufunga ili aonekane. Ville morte ni kilio cha mtu asiyesikilizwa. Nililia nao, na sababu niliyoilia bado ipo.

Ila kilio hicho tumekilia kwa sauti ya mtu mwingine, bila kumuuliza.

Wakati wote huo tulipokuwa tunabishana kuhusu siku moja au siku mbili za kufunga mji, vita vilianza kutufungia mji pole pole, bila tangazo. Tarehe 13 mwezi wa sita 2022 M23 iliichukua Bunagana, na pamoja nayo mpaka wa kwenda Uganda ambako magari mengi ya bidhaa yalikuwa yanapita. Mwezi huo huo Leta iliamua mpaka wetu na Rwanda hapa Goma ufungwe saa tisa ya mchana. Waulizeni akina mama wa Petite Barrière, wale wanaovuka na beseni asubuhi na kurudi jioni, saa hizo walizopoteza ni kiasi gani kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kumi Rutshuru na Kiwanja zikachukuliwa, barabara ya mahindi na maharagi. Mwezi wa kwanza 2023 ikawa Kitchanga.

Kitchanga inaingia katika habari hii kwa njia ya familia. Mama wa nyanya ni mzaliwa wa Masisi, na mdogo wake wa kiume alikuwa analima huko, karibu na Kitchanga. Alikuwa na maharagi, viazi, na ng'ombe wawili wa maziwa. Kila msimu alikuwa anamtumia dada yake gunia la maharagi kwa gari. Ndilo lililookoa ile nyumba baada ya mtaji kuliwa, kwani chakula cha nyumbani hakikununuliwa. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2023 alifika Ndosho kwa miguu, na mke na watoto watano, na kisu cha kulimia kimefungwa kwenye nguo. Nyumba ya dada ilikuwa vyumba viwili. Baada ya siku chache wakaenda Bulengo, wakajenga kibanda cha bashi kwenye mawe.

Siku chache baadaye, tarehe 6 mwezi wa pili, Goma ikafungwa tena. Safari hii watu walikuwa wanalalamikia jeshi la kikanda la Afrika Mashariki, wakisema limekuja kutazama tu. Mimi sasa nilikuwa upande wa pili wa mawe, na kitambulisho changu cha uandishi shingoni. Karibu na Ndosho niliwakuta wanaume kama kumi wamesimama kando, wametoka Bulengo kwa miguu. Wote walikuwa walimaji wa Masisi. Walikuwa wanaenda kutafuta kibarua cha kushusha mizigo, franga 2,000 au 3,000 ya siku. Magari hayakuweko, kwa hiyo mizigo haikuweko. Mdogo wake mama alikuwa kati yao. Alinitambua, maana nilikuwa nimemtembelea dada yake.

Nikamuuliza, kama tunavyouliza sisi waandishi, anafikiria nini kuhusu ville morte.

Akasema, "Wanafanya kwa ajili yetu, wakimbizi. Ninajua. Wanataka turudi kwetu. Ni vizuri." Akanyamaza kidogo. "Lakini leo watoto hawatakula."

Hakusema kwa uchungu. Aliyaweka maneno hayo mawili pamoja, kama mtu anayebeba ndoo mbili, moja kila mkono. Sijapata mchambuzi wa siasa aliyeeleza hali yetu vizuri kuliko huyo.

Mfikirie mtu huyo, na wengine maelfu kama yeye waliokuwa Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya. Miaka mingi Masisi na Rutshuru ndizo zililisha Goma. Maharagi, viazi, maziwa, jibini, makabichi, vyote vilishuka kutoka huko. Vita vilipomfukuza mlimaji, mji ulipoteza mara mbili. Kwanza ulipoteza gunia lake lisilokuja tena. Pili, yeye mwenyewe akawa mnunuzi, akitafuta kopo la maharagi sokoni kama sisi. Walaji waliongezeka, walimaji wakapungua. Mtu akiwauliza kwa nini maharagi yalipanda, msiseme tu kwamba wafanyabiashara ni wabaya. Waambieni kwamba aliyekuwa anayalima alikuwa chini ya bashi.

Mwezi wa pili mwaka 2024 vita vikafika pembeni ya Sake, na barabara ya Minova ikakatwa. Ndiyo ile barabara ya nyanya. Baada ya hapo vyakula vya Minova vilikuwa vinapita ziwani, vinashukia Kituku. Mashua zilikuwa zinabeba watu na magunia pamoja, na watu walikuwa wanapanda kwa sababu hakukuwa na njia ingine. Tarehe 3 mwezi wa kumi moja ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiiona kutoka nchi kavu. Mashua kama hizo zilibeba watu wa soko, kama wale ninaowaandika hapa. Barabara ikifungwa, bei inapanda, ndiyo. Lakini tusiishie kwenye bei.

Na juu ya hayo yote kuna franga yetu. Ile dola ya franga 2,000 ya mwaka 2021 ilikuwa karibu 2,800 mwaka 2024. Mama alikuwa anauza mafungu kwa franga, mwenye depo alikuwa anahesabu kwa dola. Kati ya asubuhi aliyouza na jioni aliyoenda kununua tena, kitu kidogo kilikuwa kinapungua mkononi bila mtu kumwibia. Mtaji ulikuwa unaliwa hata siku ambazo mji ulikuwa wazi.

Kwa hiyo mwaka huo wa 2024 nilirudi soko la Virunga. Nilikwenda na pesa. Nilikuwa nimeweka kidogo kidogo dola 22, ambazo ni zile franga 44,000 kwa dola ya wakati ule. Nilizitia kwenye bahasha. Mama alikuwa bado na vitunguu, na alikuwa ameongeza sambaza zilizokaushwa, kwani zinangoja kuliko nyanya. Nilimwambia kwamba nimekuja kulipa.

Hakuichukua bahasha mara moja. Aliwaita wenzake wanne wa meza za jirani, wale wa kikundi chao kipya cha kuweka akiba, akaweka bahasha juu ya meza mbele yao. "Huyu ni kijana wa mawe," akawaambia. "Amekuja kulipa nyanya." Walicheka mpaka watu wakageuka. Halafu mmoja, mzee kuliko wote, akaniuliza, "Na zile zangu je? Mimi zilikuwa ndizi." Mwingine akasema zake zilikuwa samaki wabichi. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya mawe, na kila mmoja alijua hesabu yake mpaka franga ya mwisho. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Tulikaa mpaka soko likapungua. Niliwauliza, kama wangeulizwa, wangesema nini kwa wale wanaoitisha ville morte. Naandika walivyosema.

Walisema wito utolewe siku tatu mbele, ili mtu asiende Minova kununua kitu kinachooza. Useme unaanza lini na unaisha saa ngapi, kwa maana ville morte isiyokuwa na mwisho inamfanya kila mtu aogope kununua. Vyakula vibichi viachwe vipite mpaka saa tatu ya asubuhi, na soko la chakula la kila mtaa libaki wazi hata masaa machache. Wanaokaa kwenye vizuizi wawe vijana wa mtaa huo, wanaojua nani ni nani. Na mbele ya kutangaza, waje sokoni, wakae kwenye kigoda, waulize.

Kwa upande wa wakubwa walikuwa na neno pia. Siku ambayo soko limefungwa, anayekusanya tiketi asije kesho yake kudai ya jana. Na barua za watu zijibiwe. Yule mzee wa ndizi alisema, "Wakijibu barua, nani atapanga mawe?"

Na kwao wenyewe walikuwa wameshaanza. Kikundi chao kina sanduku dogo la pembeni, mbali na akiba ya kawaida. Kila juma kila mmoja anatia franga 500. Mji ukifungwa na mwenzao akapoteza bidhaa, sanduku linamrudishia sehemu, bila riba, ili asiende kwa mkopeshaji. Ni kitu kidogo. Lakini wamekifanya bila mradi, bila semina, bila mtu wa kuwafundisha. Mama alichukua bahasha yangu, akatoa zile dola 22, akatia kumi ndani ya sanduku hilo mbele ya wote, na nyingine akazifunga kwenye kitambaa chake.

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono.

"Utaandika?"

"Nitaandika, mama."

"Usiandike kwamba tunakataa watu waandamane. Mdogo wangu bado iko kwa bashi. Mimi pia ninataka arudi kwake. Andika kwamba tunaomba kuulizwa."

Basi nimeandika. Ninyi mnaoitisha, nawajua wengi, tulipanga mawe pamoja. Ninyi mliokuwa kambini, ambao kila ville morte ilikuwa inatangazwa kwa jina lenu, semeni nanyi mnavyoona. Na wewe mama wa ndizi, wa samaki, wa sombe, wewe mmotari uliyelipa kesho mbili, tupeni hesabu zenu. Safari ijayo mji utakapofungwa, nitatuma habari kama kawaida, nitasema ni maduka gani yamefungwa. Lakini nitapita kwanza sokoni, nimuulize mama ana vitunga vingapi.